Vipande vya Shaba Alivyokata Baba

Nyumbani, juu ya duka la viatu
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa Kaka,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U mzima? Na lile jino, umeling'oa au bado unamkimbia daktari kama ulivyokuwa ukikimbia maji ya kuoga? Sisi hatujambo, isipokuwa Baba. Sitakuficha.

Unajua daktari anataka kumpasua moyo tangu mwaka jana, naye amegoma. Kila tukimwambia, anajibu kwamba mwenye binti maabara hana haja ya kisu. Alikuwa anangoja sumaku zangu zimtulize moyo.

Kazi yenyewe ni hivi. Kalsiamu ikiingia kwenye seli ya moyo, seli hujikunja, ikipungua, hulegea. Tunazitia dawa inayong'aa kila kalsiamu inapoingia, tunaweka sumaku chini ya kisahani, kisha tunatazama kwa hadubini. Mwanzoni seli zilizokuwa zikipigapiga ovyo zilionekana kutulia. Kwa furaha nikamsimulia Baba mezani, na tangu siku hiyo hakusikia la mwadhini wala la mteka maji.

Lakini jicho huona linachokitamani. Ilibidi tupate vipande visivyo na sumaku, vyenye umbo na uzito uleule, ili mtazamaji asijue kipi ni kipi. Nani wa kuvitengeneza kama si fundi wetu? Baba alisahau kifua chake. Alikata shaba, akaipiga msasa, akaipaka rangi, hata mimi nikashindwa kuitofautisha kwa macho. Mwenzangu alikuwa akipanga vipande chini ya visahani, mimi nikitazama tu na kuandika.

Juzi tulifungua majibu. Seli zilitulia juu ya shaba sawasawa na juu ya sumaku. Kilichozituliza bado hatukijui, ila sumaku siyo. Nililia chooni kazini, Kaka, maana mikono ya Baba mwenyewe ndiyo iliyolivunja tumaini lake.

Nilimweleza jioni ile ile. Akaniuliza, "Shaba yangu ilikaa vizuri?"

"Ilikaa vizuri, Baba."

"Haikupwaya?"

"Haikupwaya."

"Basi hilo jibu ni la kweli. Kamwambie daktari anoe kisu chake."

Atapasuliwa Alhamisi. Ninaogopa sana, na ningefurahi ungempigia simu kabla ya siku hiyo. Usimpe moyo kwa maneno makubwa, mtanie tu kama kawaida yenu.

Mama anakusalimu, anauliza kama unakula. Msalimie Wifi, na umbusu yule Mtukutu wenu kwa niaba ya shangazi yake. Mungu awafunike popote mlipo, atukutanishe sote tukiwa wazima, na Baba akiwemo.

Jambo moja tu. Ameniomba kipande kimoja cha shaba aende nacho hospitali. Nilimkumbusha kwamba hakina nguvu yoyote. Akasema anajua, anataka tu kikae mezani pale, akizinduka aone kitu alichokifanya sawasawa.

Wako akupendaye,
Mdogo wako wa maabara