Filamu Niliyoiviringisha Kinyume

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako wa haraka, na uniwie radhi mwandiko ukiwa unarukaruka, nina furaha na nina hofu na siwezi kukwambia kipi kimezidi, maana siku hizi nacheka peke yangu jikoni mpaka chai inamwagika, halafu nakumbuka Jumamosi na kicheko kinakatika.

Mimi nafanya kazi na shangazi yangu, dada yake baba, aliyekuwa mpiga picha wa studio tangu sijazaliwa, na kazi yetu sasa ni kutengeneza filamu mpya ya rangi, siyo ya sinema, ni ya picha za mnato, ile filamu pana ya kamera kubwa inayoviringishwa na karatasi nyeusi mgongoni ili mwanga usipenye. Najua utauliza nani bado anatumia filamu siku hizi, hata sisi tuliulizwa hivyo na kila mtu mpaka tulipofungua mchango mtandaoni, tukasema atakayechangia atapata roli za kwanza zikitoka kiwandani. Shangazi ana sababu yake. Kule studioni wateja walikuwa wakirudisha picha na kusema "huyu si mimi," mmoja katoka rangi ya majivu, mwingine katoka mkaa mtupu yanaonekana macho tu, na yeye anabaki kuomba radhi kwa kosa lisilo lake, kwa sababu filamu zile hazikutengenezwa kwa kufikiria ngozi kama zetu. Basi akaapa kutengeneza yake, akajifunza dawa, akaunguza mapazia, akaharibu masinki, majirani wakasema amepagawa, na leo anayo, na uso wa mtu ndani yake unatoka kama uso wa mtu.

Sasa sikia nilichofanya. Siku ya kupiga picha za kuwaonyesha wachangiaji, shangazi alikuwa kiwandani, akaniachia kipande cha filamu ya majaribio nikiviringishe mwenyewe kwenye karatasi yake, ndani ya chumba cha giza, kwa kupapasa. Upande wenye dawa lazima utazame lenzi. Gizani huoni kitu, kwa hiyo alinifundisha kugusisha pembe ya filamu mdomoni, upande unaonata ndio wenye dawa. Lakini mimi siku hiyo nilikuwa nimepaka rangi ya mdomo, tena ile nzito ya kung'aa, kwa kuwa nikitoka pale binamu yangu, mtoto wa shangazi, alikuwa anirekodi video ya mchango, na kwa midomo ile, Mshauri, pande zote mbili zilinata! Nikabahatisha. Nikabandika kinyume.

Nikatoka na kamera ya shangazi, ile unayoichungulia kwa juu kama unaangalia sufuria, nikampiga picha fundi cherehani mlangoni kwake, nikampiga mwokaji na trei yake ya mikate, nikapiga mashuka ya jirani kwenye kamba, na nilipozisafisha nikapiga ukelele. Kila kitu chekundu na dhahabu, kama tunda la papai! Mawingu ya dhahabu, mashuka yanawaka, fundi cherehani kama mfalme aliyetoka kwenye tanuru! Nikajua papo hapo nimegeuza filamu, mwanga umeingilia mgongoni na kupita kwenye wekundu wake, nikacheka mpaka nikakaa chini, nikaziweka kwenye ukurasa wetu kwa wazimu tu, nikijiambia nitaziondoa nikishapiga nyingine nzuri.

Sikuziondoa. Watu wamerukwa na akili, Mshauri, mmoja ameandika kwamba hajawahi kutamani kitu hivi tangu aachishwe ziwa, wapiga picha za harusi wanauliza kama wanaweza kununua kwa katoni, na lengo ambalo tulikuwa tunalisukuma kama gari bovu limetimia na kupitiliza. Shangazi haangalii picha kwenye simu, anasema simu inadanganya rangi, yeye ataziona kwenye karatasi. Nilipompa habari kwamba tumefika, alicheza na glavu zake za mpira mikononi, akazunguka meza, akanikumbatia na harufu yake ya dawa, akasema, "Unaona, mwanangu? Nilikwambia watu walikuwa wanazingojea sura zao." Na mimi nikacheza naye. Nilicheza kwa moyo wote, Mungu anisamehe.

Jumamosi amewaalika wachangiaji dukani kwetu, pale palipokuwa studio yake, kutatundikwa picha kubwa ukutani, na anataka nimpe negativu, yaani zile filamu nilizozisafisha, azichapishe mwenyewe. Binamu ananiambia, "Wewe nyamaza, waambie kiwandani waviringishe zote kinyume, watu wapate walichokilipia, mama tutamwambia ndiyo soko linavyotaka." Saa nyingine naona ana akili, saa nyingine nikimkumbuka shangazi anavyozunguka ile meza natamani ardhi inimeze. Nifanyeje?

Mgeuza Filamu

*

Mgeuza Filamu mwanangu,

Nimekucheka. Nimecheka kwenye midomo, nimecheka kwenye mfalme wa tanuru, na mwenzangu wa meza ya pili alikuja kuuliza kuna nini. Haya, tumeshacheka wote. Sasa kaa vizuri.

Kubandika filamu kinyume gizani si dhambi, ni ajali, na imezaa picha nzuri. Kuziweka bila neno ni utundu. Lakini kucheza kuizunguka ile meza ukijua anachokisherehekea hakijatokea, hapo ndipo ulipomkosea shangazi yako, na wewe unajua, ndiyo maana umeniandikia mimi badala ya kumsikiliza binamu.

Na huyo binamu naye! Mtu anatafuta rangi ya ngozi ya watu wake maisha mazima, halafu mwanawe wa kumzaa anataka aigeuze filamu ionyeshe mgongo kwa sababu wiki hii watu wamependa wekundu. Wahenga walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Mwambie arudi kwenye video zake.

Fanya hivi. Leo, si kesho, nenda na negativu mkononi, ziweke kwenye meza ya mwanga, na useme kabla hajauliza: "Shangazi, niligeuza filamu, na watu wamechangia kwa kosa langu." Usianze na rangi ya mdomo. Ukianza na kichekesho atacheka, utapona, na hutasema lililobaki. Atakugombeza. Vumilia, usikimbilie kumbembeleza.

Akishasema ya kwake, andikeni pamoja kwenye ukurasa, kwa maneno mafupi ambayo hata mwokaji wako ataelewa. Picha hizi zimepigwa kwa filamu iliyogeuzwa. Filamu tunayotengeneza inatoa rangi za kweli. Anayetaka fedha yake atarudishiwa, na haulizwi sababu. Anayependa ule wekundu tutamfundisha kuigeuza mwenyewe, hatuwezi kumzuia mtu kuvaa shati kinyume nyumbani kwake. Wengine wataondoka. Waache waondoke. Ikiwa lengo halitatimia tena, mtalisukuma tena, na safari hii kwa jina lake halisi.

Kisha, kabla ya Jumamosi, viringisha roli nyingine, na umwombe fundi cherehani asimame mlangoni kwake kama alivyosimama. Zitundikeni zote mbili ukutani, ya kosa na ya kweli, na shangazi asimame katikati aeleze kwa mdomo wake. Anastahili kusifiwa kwa alichokifanya. Umempa sifa za kitu kingine.

Sasa ngoja nikwambie kitu, maana nami si malaika. Niliposoma barua yako niliutambua ukurasa huo. Mimi ni mmoja wa waliochangia. Niliyaona yale mashuka yanawaka nikatoa fedha pale pale, sikusoma hata neno moja la shangazi yako. Kwa hiyo nimo miongoni mwa uliowadanganya, na nina haki ya kudai changu.

Baada ya barua yako nikaurudia ukurasa, nikayasoma aliyoyaandika kuhusu wateja waliosema "huyu si mimi." Nikatoa bahasha ya picha za marehemu mama. Za rangi ni mbili. Katika moja ni meno na blauzi nyeupe, kilichobaki ni giza. Katika nyingine amekuwa kijivu, kama mtu aliyelala hospitali, na siku ile alikuwa mzima na anacheka. Wajukuu zake wananiuliza bibi alikuwaje, nami nawaeleza kwa maneno kwa sababu sina cha kuwaonyesha.

Binti yangu mkubwa amerithi uso ule ule na rangi ile ile. Nangojea roli yangu nimpige picha yeye. Fedha yangu msiirudishe.