Anwani Iliyokatwa Nusu

2 Juni 2011

Tatay, baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mimi mzima, ila roho haijatulia. Simu huko bondeni haishiki, ndiyo maana naandika. Kompyuta ya king'ora cha mafuriko imekufa. Programu yako nimeihamishia kwenye mashine mpya ya biti 64. Kwa vituo vitatu vya kupima mto ilikwenda vizuri. Jana nikaunganisha vyote ishirini na nane, ikazima ghafla. Na mvua hizi! Uliandika nini humu?

Mwanao, Dalisay

5 Juni

Dalisay mwanangu,

Marahaba. Nimesoma barua yako. Kosa ni langu. Mwaka 1993, kwenye mashine yetu, namba ya kawaida ya lugha ya C na anwani ya mahali ndani ya kumbukumbu ya kompyuta zilikuwa na upana uleule, biti 32. Kwa uvivu nikawa nahifadhi anwani ndani ya namba. Kwako anwani ina 64; ukiitia humo, nusu inakatwa, programu inabisha mlango usio wake. Vituo vikiwa vichache anwani ni ndogo, zinaenea, ndiyo maana ilikudanganya. Tafuta kila mahali nilipofanya hivyo, weka aina ya namba yenye upana wa anwani. Huku nimepita nyumba kwa nyumba: king'ora kisiaminiwe, tutazame mto kwa macho.

Tatay wako

9 Juni

Tatay,

Shikamoo. Nimepata mahali arobaini na moja. Bosi anasema, "Dada, kompaila imenyamaza, unataka nini tena?" Hajui kwamba hiyo programu inayokagua na kutafsiri msimbo niliinyamazisha mimi, maonyo yake yaliponichosha. Nimeyarudisha, nimeyasoma moja moja. Leo vituo vyote vinafanya kazi. Waambie watu king'ora kimepona. Waambie leo.

Dalisay

14 Juni

Tatay,

King'ora chenu kimelia saa nane mchana, nimeona kwenye skrini. Barua ya tarehe tisa uliipata? Uliwaambia? Nampa hii mtu wa boti ya uokoaji. Nijibu hata neno moja.

Mwanao

16 Juni

Mwanangu,

Tu wazima, tuko shuleni mlimani. Barua yako ya tarehe tisa nimekabidhiwa leo, pamoja na ya tarehe kumi na nne.

Kilipolia, mto ulikuwa bado chini. Shangazi yako Charing akacheka: "Wences, si wewe uliyesema kinaropoka?" Nikawaza tu kwamba hiyo kazi unayo wewe, basi huenda umeshakitengeneza. Nikajitwika gunia la mchele nikaanza kupanda. Walipoona mimi niliyekitukana ndiye ninayekimbia, wakafuata, Charing akinitukana njia nzima.

Maji yalifika baada ya nusu saa. Nyumba yetu haipo. Watu tupo wote, tumehesabiwa mara mbili.

Tatay