Vumbi Ulilosema Tusiliguse

Baba, mwaka umezunguka tangu asubuhi ile tuliporudi kutoka hospitali na begi la nguo zako, wewe mwenyewe hukurudi. Tungependa kuandika hapa kwamba tumezoea. Hatujazoea, tumechoka tu, na aliyetuzidi sote kwa kuchoka ni Mama. Kwa hiyo kumbukumbu hii itamhusu yeye karibu sawa na inavyokuhusu wewe. Utatuvumilia. Hata ulipokuwa hai, mtu akikuuliza habari zako ulianza kumpa za Mama.

Kwa wasiokufahamu: ulikuwa fundi wa friji kwa miaka ishirini na tisa. Karakana yako ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yetu, na ndani yake kulikuwa na friji sita zisizo na milango na milango mitatu isiyo na friji. Mteja akiuliza kazi yake itakuwa tayari lini, ulijibu, "Subiri kidogo." Mtaa mzima ukakuita Subiri, na wapo waliokuja msibani bila kujua jina lako jingine. Lakini friji ikitoka mikononi mwako ilikuwa imetoka. Yule mama mwenye duka la maziwa alitusimulia kwamba yake haijazimika tangu uiguse, kisha akalia mpaka tukamletea kiti.

Ukishafunga karakana ulipanda juu ya paa la zege, kwenye darubini yako. Watu walikucheka. Barabara imejaa taa, wakasema, utaona nini huko juu? Wewe hukukasirika. Ulitoa vichujio vyako vitatu, vioo vya duara vidogo kama kifuniko cha chupa, ukaeleza kwa sauti ile ile uliyoelezea gesi ya friji: hiki kinapitisha mwanga wa haidrojeni tu, hiki wa oksijeni, hiki wa salfa, na taa za barabarani zinabaki nje.

"Ni kama kuchuja chai," ulisema. "Majani yanabaki, chai inapita."

Ila chai yenyewe ilitoka tone kwa tone. Picha moja ilichukua dakika tano, na kwenye hiyo moja hapakuwa na kitu cha kumwonyesha mtu. Ulihitaji mamia, zipangwe moja juu ya nyingine kwenye kompyuta, ndipo lile wingu la gesi lililo mbali kuliko akili zetu lianze kujitokeza. Mtoto wako wa kwanza aliwahi kukuuliza kwa nini usinunue tu picha yake dukani. Ulimtazama kama mteja anayetaka kutupa friji nzima kwa sababu ya fyuzi.

Tunakumbuka pia picha za giza. Kamera ilifunikwa kifuniko, ikapiga weusi mtupu, ili kompyuta ijifunze makosa ya kamera na kuyaondoa. Weusi huo ulitakiwa kupigwa kwenye baridi ile ile ya juu ya paa, na hapo ufundi wako ulikusaidia: uliitia kamera kwenye friji ya jikoni, kati ya maziwa na nyanya, waya umetokea mlangoni.

"Wewe Subiri, kamera yako imekaa juu ya mayai!" Mama alipiga kelele.

"Subiri kidogo, mke wangu. Zimebaki ishirini."

Halafu kulikuwa na picha za vumbi, na hizo ndizo zilizotumaliza mwaka huu. Chembe ndogo ikitua kwenye kichujio inaacha duara la kivuli kwenye kila picha, kama alama ya kikombe chenye maji mezani. Wewe hukuipangusa chembe hiyo. Ulisema ukipangusa unaihamisha tu, inakwenda kukaa pengine. Uliipiga picha. Kulipopambazuka ulivisha mdomo wa darubini fulana yako nyeupe, iliyokazwa kwa mpira ambao Mama aliushonea pindoni, ukapiga weupe wa asubuhi. Kwenye weupe huo vumbi lilionekana lote mahali pake, na kompyuta ikajua la kuondoa. Sharti lilikuwa moja. Mpaka picha za vumbi zipigwe, mtu yeyote asiguse kitu.

Mama hakuwa mtu wa nyota. Ni fundi cherehani, macho yake yako kwenye mshono, na paa kwake ni mahali pa kuanika nguo. Ndiyo maana tulishangaa sote alipochungulia kitabu chako cha ramani ya anga, akaweka kidole kwenye wingu moja jembamba na kusema, "Hili. Linafanana na pindo lililofumuka. Nipigie hili, nilitundike juu ya cherehani." Ilikuwa mara ya kwanza kuagiza kitu kutoka huko. Ulifurahi mpaka ukaunguza mkono kwa chuma cha kulehemu.

Ulilipiga picha wingu hilo kwa usiku kumi na mmoja. Picha za vumbi uliziacha za mwisho, maana kamera ilikuwa haitoki mahali pake. Usiku wa kumi na mbili kifua kilikubana, ukalazwa. Majirani walisema ni baridi ya huko juu. Daktari alisema ni moyo, tena wa siku nyingi, na wewe ulikuwa umeuambia usubiri.

Siku moja kabla ya ile ya mwisho ulimshika Mama mkono ukamwambia, "Usiguse kamera. Sijapiga vumbi bado." Mama alimgeukia muuguzi. "Homa imempanda," alisema. "Anaongea mambo ya vumbi." Muuguzi akaandika kwenye karatasi yake.

Tulikuzika. Kesho yake wageni walipopungua, Mama alishindwa kukaa. Alifua mapazia, akasugua masufuria yaliyokuwa safi, akaosha madirisha, kisha akapanda juu. Alifungua kamera kutoka kwenye darubini, akavitoa vichujio vitatu, akavishusha jikoni. Aliviosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kama anavyoosha miwani yake, akavikausha kwa kitambaa laini, akakifunga kila kimoja peke yake. Dada yako, Shangazi yetu, alimkuta hapo akasema, "Wifi, pumzika." Mama alijibu kwamba akipumzika atalia.

Mwezi wa tatu baada ya mazishi alikuja rafiki yako Mwalimu, yule anayefundisha fizikia, ambaye mlikuwa mkipigiana simu kuulizana hali ya mawingu. Alitaka kulimalizia lile pindo. Alikaa kwenye kiti chako, akafungua kompyuta, akafurahi.

"Kazi safi hii," alisema. "Sasa picha za vumbi ameweka wapi?"

"Picha gani hizo?" Mama aliuliza.

Mwalimu akaeleza. Alieleza vizuri, ndiyo kazi yake, na alipofika kwenye fulana Mama alikuwa ameshakitua kikombe mezani.

"Mimi nimevipangusa," alisema.

"Lini?"

"Kesho ya mazishi. Nimeviosha kwa sabuni."

Mwalimu alitazama kioo cha kompyuta. Mwanga wa wingu lako ulikuwa hapo, na juu yake maduara ya kivuli kama thelathini hivi. "Shemeji, hukujua," alisema.

"Aliniambia. Kwa mdomo wake aliniambia, nikasema ni homa."

Hayo hatukuyajua wakati ule, Baba. Mama hakumwambia mtu. Tulichoona sisi ni cherehani kunyamaza katikati ya mshono, Mama kashika tama, kitambaa kimelala chini ya sindano. Tulidhani ni majonzi ya kawaida. Shangazi alimpikia uji na kumwambia ajikaze. Kumbe hakuwa analia kwa sababu umekufa tu. Alikuwa analia kwa sababu ulimwomba jambo moja, jepesi, la kutofanya kitu, na akakifanya. Alijisemea hivyo kila siku kwa miezi mitano, na mtu anayejisemea hivyo halali.

Siku Mwalimu aliporudi alianzia mlangoni. "Shemeji, huyu bwana alikuwa anafuta picha mbovu?"

"Nani, Subiri?" Mama karibu acheke. "Hajawahi kufuta kitu tangu nimjue. Tumegombana kwa hilo. Kompyuta ilijaa mpaka ikakataa picha za harusi ya mwanawe."

"Basi tumepona," Mwalimu alisema.

Wingu lako lilichelewa kupanda, unakumbuka? Lilijificha nyuma ya tangi la maji la jirani. Wewe ukilisubiri ulikuwa ukiipima kamera, kichujio kimoja baada ya kingine, ukielekeza darubini popote palipo wazi na kupiga picha za majaribio. Nyota zimevimba kama vifungo vya koti, hazifai kwa lolote. Usiku kumi na mmoja ulizipiga zaidi ya mia sita, na zote ulizihifadhi. Mwalimu alimweleza Mama kwamba katika picha hizo nyota haziko mahali pamoja mara mbili, lakini vumbi halikuwahi kuhama. Zikichanganywa zote, nyota zitamezana, kitakachobaki ni vumbi.

Mama aliifanya kazi hiyo mwenyewe. Hakutaka mtu amsaidie. Kila siku akimaliza sare za watu alikaa kwenye kiti chako, miwani puani, akifungua picha moja baada ya nyingine: hii ina wingu la mvua, itoke, hii imewaka nyeupe, Subiri alisahau tochi, itoke, hii inafaa. Macho yalimuuma. Mgongo ulimuuma. Alituambia ukweli wote wiki ya pili, bila kugeuka, huku anabonyeza, na sisi tukiwa tumesimama nyuma yake. Tulimletea maji.

Jumapili moja alasiri Mwalimu alizichanganya picha alizochagua Mama. Kichujio cha haidrojeni kilitoa uso wa kijivu wenye maduara, basi. Cha salfa vile vile. Cha oksijeni kilikuwa na maduara, na katikati yake mstari mrefu uliojipinda.

"Unywele," Mwalimu alisema.

Mama aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Ameishi na vitu hivyo miaka thelathini, hawezi kukosea. "Si unywele," alisema. "Ni uzi. Uzi wangu huu, wa cherehani."

Mwalimu alivuta daftari lako la usiku, lile lenye alama za mafuta, akarudi kwenye ukurasa wa kwanza wa wingu hilo. Mwandiko ni wako, wa haraka, umelala upande: *Oksijeni, kuna uzi wa mama watoto. Usiutoe. Uache ukae, vumbi litapigwa mwisho.*

Mama aliusoma mara moja tu. Alivua miwani, akaikunja, akasema anakwenda kujinyoosha kidogo. Ilikuwa saa tisa mchana. Alilala mpaka asubuhi ya siku ya pili, na nyumba nzima tukatembea kwa vidole. Shangazi alikaa kwenye mlango wa karakana akiwarudisha wateja waliofuata vitu vyao. Aliwaambia wasubiri.

Pindo lako liko juu ya cherehani, Baba, jekundu na kijani ya bahari, halina duara hata moja. Wanawake wanaokuja kupimwa nguo wanauliza ni kitambaa gani. Ile picha ya kijivu yenye uzi hakuitundika. Ameiweka ndani ya daftari lako, ukurasa ule ule.

Tunaokukumbuka ni mkeo, fundi cherehani. Wanao wawili na mkwe wako. Dada yako, ambaye hata sasa anakuita mdogo wangu kana kwamba uko chumba cha pili. Mwalimu, rafiki yako wa mawingu. Na wateja wa friji tatu ambazo hatujui zilikuwa na ubaya gani. Hata tukichoka vipi, kukusahau hatutaweza.

Mama ameirudisha darubini juu, na kamera na vichujio mahali pake. Vumbi limeshaanza kutua, na hakuna aliyeligusa.