Mkato wa Bi Zuhura

Mjukuu wangu Neema,

Mwakeye huko Kibondo? Sisi hapa Heru Juu hatujambo. Babu yako anapura maharage huku akigombana na mbuzi wa jirani.

Umeniuliza kama ni halali kuuza mikoba unayoshona kwa mchoro ulioununua kwenye simu, maana mwenzako anasema huo ni wizi.

Nilipokuwa msichana, nilishona magauni ya watoto kwa karatasi ya kukatia ya Bi Zuhura, fundi wa Kasulu mjini. Nilimwomba kwanza. Akasema, "Shona, uza. Karatasi yangu usimpe mtu, na mteja akiuliza, nitaje."

Siku moja sokoni mama mmoja akashika gauni, akauliza mkato ni wa nani. Nikamtaja Bi Zuhura. Akaliweka chini, akaenda zake kwa huyo mwenyewe. Wenzangu walinicheka! Nikakaza uso, nikaendelea kupanga nguo zangu.

Jioni yule mama akarudi. "Bi Zuhura amenirudisha kwako," akasema. "Mkato ni wake, lakini kola za watoto anasema unazishona vizuri kuliko yeye."

Basi mwulize mwenye mchoro leo hii kama anaruhusu kuuza. Akikubali, mtaje bila aibu, kisha ukae kwenye cherehani usisikilize maneno ya watu. Mkoba wa kwanza ni wangu. Nitaugeuza ndani nje nitazame mshono, maana huo hukuununua kwa mtu.

Bibi yako