Mazoezi Bila Kudundisha Mpira

Dada Rehema, shikamoo kutoka Durban yenye mvua.

Jana, mazoezini katika ukumbi mmoja wa mpira wa kikapu, mtaa wa Umbilo, kocha wetu mzee Mserbia alinisimulia kuhusu klabu yake ya zamani: wakati wa vita wakimbizi walilala ukumbini, hivyo wachezaji walipasiana bila kudundisha mpira, wasiwaamshe. Mara tukasikia nje kundi linalosaka wageni, likiimba. Tresor, mchezaji Mkongomani, akaukimbilia mlango.

"Bibi yangu iko peke yake kwa saluni!" alisema, akimaanisha mkewe.

"Shika," kocha alinong'ona, akamrushia mpira. Akaturushia sote, kimya kimya. Tukapasiana bila kuudundisha, tusisikike nje.

Kelele zilipofifia, Tresor aliulaza mpira sakafuni, akatoka. Hadi sasa simu yake haipokelewi.

Mimi mzima. Nibusie watoto, na waombeeni Tresor na mkewe.

Mdogo wako, Hamisi