Vema Nilizoweka Bila Kusoma

Shangazi Speciosa, shikamoo. Mpendwa mshauri wetu, naomba unisaidie kabla Jumapili haijafika. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu huku Mabawe, mwaka wa kumi na mbili sasa, nina watoto themanini na saba chumba kimoja, wengi Kiswahili wanakikuta shuleni kwa sababu nyumbani ni Kihangaza tu, na wenzangu niliosoma nao chuo wamepandishwa daraja mara mbili wakati mimi kila nikiuliza naambiwa faili langu linashughulikiwa, basi mwaka huu nilichoka, nikajisemea kwa nini nijiue, nikawa nampa kiranja kitabu anawaandikia wenzake ubaoni, mimi nakaa ofisini, jioni napitisha kalamu nyekundu kwenye madaftari, vema, vema, vema, bila kusoma, ili mradi mkuu wa shule aone kazi imesahihishwa.

Sasa kuna mama mmoja, nimwite Marsiana, hajui kusoma ila vema anaitambua, kaona daftari la binti yake Priscila limejaa vema tupu, akaenda kwa katekista akamwambia mwanangu atasoma somo kigangoni Jumapili ya watoto, na katekista kakubali. Juzi kaniletea mkungu wa ndizi, kapiga magoti mbele ya walimu wenzangu, akasema, "Mwalimu, kwetu hajawahi kutokea mtu wa kusoma kanisani." Shangazi, Priscila hasomi. Nilimpa kitabu, akanitolea ukurasa mzima kwa kukariri, na kitabu kilikuwa wazi ukurasa mwingine. Nimefikiria kuomba ruhusa ya ugonjwa niende kwa dada yangu Nyantakara mpaka Jumapili ipite. Nifanyeje?

Mwalimu aliyechoka, Ngara

*

Marahaba, mwalimu. Tuanze na la kwako, kwa sababu kweli umeonewa. Miaka kumi na miwili faili linashughulikiwa, hata mimi ningekasirika, na anayedhani mwalimu aliyevunjwa moyo atafundisha sawa na aliyethaminiwa hajawahi kusimama mbele ya watoto themanini na saba.

Lakini niambie, faili lako analo Priscila? Aliyekunyima daraja anakunywa chai ofisini kwake, hata hajui kama umegoma. Uliyemwadhibu ni mtoto wa miaka tisa, na mama yake akakupigia magoti kwa hilo. Hapo umenichosha kweli.

Leo ukitoka kazini nenda kwa Marsiana mwenyewe, usimtume mtu. Mwambie vema zile uliweka bila kusoma na mtoto hana kosa. Atakasirika, mwache akasirike, na usithubutu kuanza kumweleza habari za daraja. Kisha mwende wote kwa katekista, somo lisomwe na mtoto mwingine, Priscila apewe zamu siku nyingine. Kesho kiranja arudi kwenye dawati lake, chaki ushike wewe, na kila siku baada ya vipindi ukae nusu saa na wasiosoma, silabi kwa silabi. Daraja lidai kwa barua, ubaki na nakala, uende na mwakilishi wa chama cha walimu, wakikupuuza urudi tena. Kelele zako zipigie huko.

Na ukishindwa kwenda kwa Marsiana leo, basi hiyo Jumapili usiugue. Kaa benchi la mbele, umtazame Priscila akifungua kitabu.