Mbwa Asife Kabla ya Jumamosi

Kwa Mama Regina,
Nyuma ya soko la samaki,
Maumere.
Jumapili, 14 Septemba 2025

Mpendwa Mama mdogo Bernadeta,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, na kwamba mgongo uliokuwa ukikusumbua wakati wa kuvuna michikichi umepata nafuu. Baba mdogo Siprianus hajambo? Na Novi, bado anakataa samaki mwenye kichwa? Mama kule Paga hajambo. Presha yake inapanda na kushuka kama kawaida yake. Babu anapalilia mahindi mwenyewe na anamfokea yeyote anayetaka kumsaidia.

Mimi nimerudi kutoka Japani tangu tarehe sita. Ningekuambia kwamba nami sijambo, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kuandika barua, na ulinikataza uongo kwenye karatasi. Basi nasema hivi: nakula, natembea, naingia darasani, na ninaogopa. Ninaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote.

Barua hii ataibeba Baba Frans, jirani yetu, anayepanda meli ya Nunukan kuja huko kwenu tarehe ishirini na mbili. Najua kambini kwenu simu haishiki mpaka mtu apande kilimani, na jambo lenyewe si la kusema kwa kupiga kelele. Mama sijamwambia.

Nianze na lililo jema. Miezi sita ya mafunzo ilikwenda vizuri. Mzee Kurokawa na mkewe walinilea kama binti yao, na sasa naweza kupanda vitunguu mistari kumi bila kunyoosha mgongo. Walikuwa na mbwa anaitwa Momo, mnene, mvivu. Kila asubuhi alikuja kuniramba mkono, nami nikamzoea, mimi niliyekuwa nikivuka barabara nikiona mbwa anakuja. Kule kichaa cha mbwa hakipo kabisa. Mzee Kurokawa ana miaka themanini na hajawahi kumwona mtu aliyeugua. Kwa hiyo nilirudi nyumbani na mikono ya ugenini.

Jumamosi niliposhuka hapa kwa Mama Regina, mwenye nyumba wetu, mbwa wake Manis alikuwa amelala chini ya benchi la mianzi. Ananijua, nimepanga hapa miaka miwili. Nikaweka sanduku chini, nikainama, nikamnyooshea mkono. Hakubweka wala hakunguruma. Aliuma tu, hapa kwenye nyama ya kidole gumba cha kulia, akang'ang'ania mpaka Yulita alipompiga kwa ndoo. Yulita ndiye ninayelala naye chumba kimoja. Naye alikuwa amerudi kutoka likizo asubuhi ile ile.

"Miezi sita tu," akaniambia, "umeshasahau kwamba mbwa wa kwetu hasalimiwi kwa mkono?"

Nilicheka. Damu ilikuwa ikidondokea sanduku langu, nami nacheka. Mama Regina akaja na unga wa kahawa apake kwenye jeraha. Yulita akanivuta mpaka bombani, akanisugua kwa sabuni kwa robo saa nzima, huku akihesabu dakika kwa sauti kama mwalimu wa mazoezi. Hapo ndipo nilipoona kwamba uso wake umebadilika, na kicheko changu kikaisha.

Kituo cha afya hakikuwa na chanjo. Muuguzi alisema inasubiriwa kutoka Kupang, labda Jumatano. Akamwuliza Mama Regina kama mbwa amechanjwa. Mama Regina akafikiri, akajibu kwamba amechanjwa, au huenda yule alikuwa mbwa wa kabla ya huyu.

"Sikilizeni," muuguzi akasema. "Mbwa asiuawe. Mfungeni, mlisheni, mwangalieni siku kumi na nne. Akifika Jumamosi ya tarehe ishirini akiwa mzima, ujue siku aliyokuuma mate yake yalikuwa salama. Akifa kabla, leteni taarifa siku hiyo hiyo."

"Na wakimwua?" nikauliza.

"Wakimwua mapema, hata kipimo kinaweza kudanganya. Hutajua."

Mama mdogo, mimi nakijua kifo hicho. Mwaka jana alifariki Goreti, aliyekuwa akitupikia kwenye kantini ya chuo. Mbwa alimkwaruza kisigino, yeye akapuuza. Baada ya miezi miwili tulikwenda kumtazama. Dada yake alimletea maji kwenye kikombe, naye Goreti akageuza uso ukutani, koo likimkaza kama linavutwa na kamba. Alikuwa anataka maji na hakuweza kuyatazama. Siku tatu tu, akaenda. Tangu nilipoumwa, kila asubuhi nakunywa bilauri nzima ya maji mbele ya kioo, nikijitazama koo.

Kesho yake, Jumapili, baada ya misa, alikuja Mjomba Kanis, mdogo wake Mama Regina, akiwa na rungu. Wote hapa tunamwita mjomba. Anapenda pombe inayogemwa kwenye mlala na nyama ya mbwa, na hafichi.

"Yuko wapi mshitakiwa?" akauliza.

"Mjomba, asiuawe. Muuguzi amesema siku kumi na nne."

"Nona, binti yangu, mbwa aliyeuma mtu hana kesi. Anaungwa na pilipili."

"Mkimwua leo, mimi nitakaa sijui kama naishi au nakufa."

"Na siku kumi na nne hizo akiuma watu kumi na wanne?"

Nikasimama kati ya rungu na mbwa. Hebu fikiria nilivyokuwa: mkono umefungwa bandeji, mbwa aliyeniuma ananguruma nyuma ya miguu yangu, mnyororo ukilia, nami namtetea kama ndugu. Mama Regina alikuwa anafuma, hakuinua macho. Alisema tu, "Kanis, mwache mtoto wa watu." Mjomba akashusha rungu. Akasema povu likitoka tusimlilie yeye. Alipofika getini aligeuka akamtazama Manis kama mtu anavyotazama nyama sokoni.

Tangu siku hiyo maisha yangu ni mbwa. Chuoni wananiita Nona Japani, wananiomba niseme neno moja la Kijapani, na mwalimu wetu wa somo la udongo anataka ripoti yangu isomwe kwenye semina ya Jumatano ijayo. Nasoma ukurasa mmoja mara nne. Kipindi kikiisha nakimbia nyumbani kuangalia kama anapumua. Tunamsogezea wali na vichwa vya samaki kwa mti wa mwanzi, mimi asubuhi, Yulita jioni. Namwogopa hata kivuli chake, na sijawahi kumwombea kiumbe uhai kama ninavyomwombea yeye. Leo kanisani nimewasha mshumaa kwa ajili ya mbwa. Sijui kama ni dhambi.

Chanjo ilifika Jumatano kweli, nikapigwa sindano mbili, moja kila bega. Lakini muuguzi alisema jeraha la mkononi lilihitaji na dawa nyingine ya kudungwa penye jeraha lenyewe, na hiyo haipo Maumere nzima.

Leo ni siku ya nane. Mchana huu Manis hakumaliza chakula, na mdomoni ana ute. Yulita anasema ni joto. Mbwa wote wanatoa ute kukiwa na joto. Najiambia hivyo. Naweka kalamu chini, nakwenda kumwangalia tena.

Jumamosi, 20 Septemba

Mama mdogo, naendelea. Sikuweza kuandika siku zote hizi.

Jumatano, siku ya kumi na moja, nilipigwa sindano ya awamu ya pili asubuhi, kisha nikasoma ripoti yangu kwenye semina. Sikumbuki nilichosema. Saa saba nilifika nyumbani, nikaenda moja kwa moja nyuma ya nyumba. Mnyororo ulikuwa umelala chini. Ukanda wa shingoni ulikuwa bado umefungwa, shingo haimo.

Mama Regina alikuwa ameketi mbele ya kitambaa chake, mikono imesimama.

"Ni Mjomba Kanis," nikasema. "Amemchukua."

"Hajamchukua yeye," akajibu. "Alichukua watoto wa Manis."

Ndipo akanieleza. Manis alizaa watoto wanne mwezi wa nane. Ijumaa, siku moja kabla sijafika, Mama Regina aliwaona wanachafua baraza akataka nyumba iwe safi kwa kunipokea. Akamwita Kanis, akaja na gunia. Mbwa alizunguka usiku kucha akiwatafuta. Kesho yake mimi nikamwinamia na mkono wangu.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Kwamba ni mimi niliyekuumiza?"

Sikujua nimkasirikie au nimshukuru. Siku kumi na moja nilikuwa nimemtazama mbwa mdomo tu. Sikumtazama tumbo hata mara moja. Lakini nilijizuia nisifurahi, kwa sababu mbwa aliyenyang'anywa watoto anaweza pia kuwa na kichaa, na sasa alikuwa hayupo. Na kama amemfuata Kanis, basi amekwenda mwenyewe mpaka kwenye chungu.

Yulita akawasha pikipiki. Kwa Mjomba Kanis ni mwendo wa kilomita tatu, njia ya kupanda. Tulipokaribia niliona moshi jikoni na nikasikia harufu ya mchaichai. Nilimwambia Yulita aingie yeye, akasema tuingie wote.

"Nani huko?" sauti ikatoka ndani, ndogo kabisa. "Msiingie kwa vishindo."

Mjomba Kanis alikuwa amesimama juu ya meza. Rungu mkononi, shuka limempanda magotini. Kwenye kona, juu ya mkeka wake wa kulalia, alilala Manis, na watoto wawili wakinyonya. Wale wengine alikuwa ameshawagawa. Kila mjomba alipotaka kushusha mguu, mbwa alionyesha meno.

"Nona, mwite mbwa wako."

"Si wangu, mjomba. Ni wa dada yako."

"Ameshakuuma wewe. Mmezoeana."

Yulita alishika mlango akacheka mpaka machozi yakamtoka. Mimi sikuweza.

"Amekula?" nikauliza.

"Amekula samaki wangu wote wa mchana, chungu cha mchaichai kimebaki peke yake jikoni. Na maji ya kunawa amekunywa."

"Yote?"

"Nona, niko juu ya meza tangu saa nne, wewe unauliza habari za maji."

Mlango wa mbele, tulioingilia, ulikuwa upande wa mbwa. Wa nyuma ulikuwa umefungwa kwa komeo, na kulifikia lazima mtu apite ukutani, hatua mbili kutoka pale kwenye mkeka. Mjomba alisema akishuka yeye, mbwa atamrukia, na akimrukia atampiga. Nilimwambia aweke rungu mezani. Akaliweka.

Nikauficha mkono wa kulia kwapani, nikaanza kupita nikiwa nimebanana na ukuta. Manis aliinua kichwa. Mdomo ukajikunja. Nilianza kumsemesha Kijapani, sijui kwa nini, maneno niliyokuwa nikimwambia Momo asubuhi. Sauti yangu ilikuwa ikikatika. Hatua ya tatu niliweza kuziona chuchu zake, zimejaa, nyekundu. Hatua ya tano nikashika komeo. Lilikuwa gumu, ikabidi niutoe mkono ule mwingine, wenye jeraha, na kumgeuzia mgongo. Sijui ilichukua muda gani. Lilipofunguka, Mjomba Kanis aliruka kutoka mezani na kupita mbele yangu kama kijana wa miaka ishirini.

Tukamfungia mbwa ndani ya nyumba ya mtu. Mjomba amelala siku tatu kwa katekista, na kila anayemwuliza anamwambia kwamba kituo cha afya kimemwomba nyumba. Alhamisi na Ijumaa tulimlisha dirishani. Alikula. Bado sikulala vizuri.

Leo asubuhi muuguzi alikuja mwenyewe. Akachungulia dirishani, akatupa kichwa cha samaki, akatazama namna anavyotafuna na kumeza. Akamtazama akitembea. Akaandika kwenye kadi yangu.

"Mbwa mzima," akasema. "Na wewe malizia sindano ya mwisho tarehe mosi. Usinikimbie kwa furaha."

Sikuwa na furaha, Mama mdogo. Nilikaa kwenye ngazi ya Mjomba Kanis, kadi mkononi, nikaisoma mara nne. Yulita akakaa pembeni yangu. Mjomba akaleta kahawa, akaniomba kwa sauti ya chini nimwulize dada yake kama mbwa anaweza kubaki pale, maana watoto bado wadogo.

Hofu haijaondoka yote. Njiani bado nakunja mikono kifuani nikisikia kucha za mbwa kwenye lami. Mama Regina ananipikia kila siku, hatuzungumzi sana, lakini sahani yangu inakuja imejaa.

Kesho baada ya misa nitapanda gari la Paga nikamwambie mama uso kwa uso. Hilo nalo linaniogopesha, ila mwisho wake ninaujua: atalia, atanipiga bega, kisha atawasha moto anipikie.

Nisalimie Baba mdogo Siprianus, Novi, Rino, na wote wa kambini wanaotoka kwetu. Babu anakusalimu, Yulita pia, ingawa hamjaonana. Mungu awalinde huko msituni, awarudishe Krismasi mkiwa na viungo vyote, nami nije kuwapokea bandarini.

Mwanao wa upande wa dada, anayekupenda sana,
Elfrida